Leseni ya Kuuza Kileo Mkahawani



Siku moja utapita sokoni na kuona karatasi imebandikwa ukutani. Kabla hujajua kusoma, ungeipita tu. Leo unaweza kusimama na kuisoma.

Huenda karatasi hiyo inasema kwamba mwenye mkahawa ameomba leseni ya kuuza kileo. Inataja jina lake na mahali alipo. Inataja pia siku ambayo kamati itakutana kulijadili ombi lake.

Karatasi hiyo inakuhusu. Ikiwa wewe ndiye mwenye mkahawa, fedha zako zimo ndani ya jambo hili. Ikiwa wewe ni jirani au mzazi, usingizi wako na watoto wako wamo pia. Katika somo hili tutaeleza jinsi leseni ya kileo inavyotolewa nchini Kenya, na masharti yake.

Mkahawa na hoteli

Katika mazungumzo yetu, mahali popote pa kula tunapaita hoteli. Lakini katika leseni maneno haya hutenganishwa. Hoteli ni mahali ambapo wageni hulala. Mkahawa ni mahali pa kula. Baa ni mahali ambapo watu huja hasa kunywa.

Kila mahali pana leseni yake. Leseni ya mkahawa humruhusu mwenyewe kuuza kileo pamoja na chakula, kwa watu waliokuja kula. Haimruhusu kufunga jiko na kugeuza mkahawa kuwa baa. Akitaka kufanya hivyo, lazima aombe leseni nyingine.

Nani anatoa leseni?

Zamani Kenya ilikuwa na sheria mbili za kileo. Moja ilihusu vileo kama bia na pombe kali za chupa. Nyingine ilikataza chang'aa. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria moja mahali pa zile mbili. Ni Sheria ya Kudhibiti Vileo. Watu wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa sababu John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ndiye aliyeipeleka Bungeni.

Mwaka huo huo wa 2010 Kenya ilipata Katiba mpya. Katiba hiyo iliweka kazi ya kutoa leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti ni 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kaunti nyingi zimetunga sheria zao za vileo, na kuweka kamati za kusikiliza maombi katika kaunti ndogo.

Kwa hiyo ada si sawa kila mahali. Saa za kuuza pia zinaweza kutofautiana. Ukitaka kujua ada na saa za kwenu, nenda katika ofisi ya kaunti ndogo yako ukaulize. Lakini masharti makubwa yanafanana, maana mengi yametoka katika ile sheria ya 2010.

Mfano wa mama mwenye mkahawa

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mkahawa karibu na kituo cha basi. Anauza chai, chapati, ugali na samaki. Chakula chake ni kizuri. Jioni wateja humwuliza, "Mama, huna bia baridi ya kuteremshia samaki?"

Mama anapiga hesabu. Anaona akiuza bia atapata faida zaidi. Anakwenda kwenye chama chake cha akina mama kuomba mkopo. Anataka kununua friji, kreti za bia na viti vipya. Rafiki yake anamwambia, "Leseni si kitu. Lipa tu ada, utapewa."

Mweka hazina wa chama anamwuliza, "Je, umepima kutoka kwako hadi shule ya watoto wadogo?"

Mama anashangaa. Hakuwahi kufikiri juu ya shule. Sasa tuone kwa nini swali hilo lilikuwa muhimu.

Masharti ya mahali

Kamati haitoi leseni mpya ya kuuza kileo cha kunywewa papo hapo mpaka iridhike na mambo haya:

1. Shule. Mahali pa kuuzia lazima pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari, au mahali pengine wanaposomea watoto walio chini ya miaka 18.

2. Haja ya watu. Kamati huuliza kama mahali hapo panahitaji leseni nyingine. Hutazama idadi ya watu na idadi ya mahali ambapo kileo kinauzwa tayari. Ikiwa soko dogo lina baa nyingi, kamati inaweza kusema zinatosha.

3. Afya. Jengo lazima lifuate sheria za afya ya jamii. Afisa wa afya huja kukagua. Hutazama usafi wa jiko, maji, vyoo, na mahali pa kutupa taka.

4. Usalama. Jengo lazima liwe salama kwa wafanyakazi na wateja.

Mita 300 ni umbali gani? Ni kama viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu, kimoja baada ya kingine. Unaweza pia kukisia kwa miguu. Hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita. Hatua 400 ni karibu mita 300. Hesabu ya miguu si ya kupeleka mbele ya kamati, lakini itakuonya mapema.

Yule mama alipima. Kutoka mlangoni pake hadi shule ya chekechea alihesabu hatua 260. Zidisha 260 kwa robo tatu. Utapata mita 195. Hazifiki 300.

Kama angelipa ada na kununua friji kwanza, angebaki na deni la chama na bila leseni. Sasa alijua mapema. Alichukua mkopo mdogo, akajenga jiko bora na kuanza kuuza chakula cha usiku kwa wasafiri. Mkahawa wake haukupata bia, lakini haukufilisika.

Risiti si leseni

Kumbuka neno hili: risiti si leseni. Risiti inaonyesha kwamba umelipa. Leseni inaonyesha kwamba umeruhusiwa. Kati ya hizo mbili kuna kazi ya kukagua na kusikiliza watu. Mtu akikuambia, "Nipe fedha, nitakuletea leseni bila kamati," jihadhari. Fedha zako zinaweza kupotea, nawe unaweza kushtakiwa kwa kuuza kileo bila leseni.

Hatua za kuomba

Kwanza, pata leseni ya kawaida ya biashara, na hakikisha wafanyakazi wanaoshika chakula wamepimwa afya na wana vyeti.

Pili, chukua fomu katika ofisi ya kaunti. Ijaze kwa ukweli. Taja aina ya leseni unayotaka. Lipa ada na utunze risiti.

Tatu, wakaguzi watakuja. Wakikuonyesha kasoro, irekebishe.

Nne, tangazo litabandikwa. Sheria ya 2010 ilitaka tangazo la maombi libandikwe kwa muda usiopungua siku 21, ili watu walione. Kaunti nyingi zimefuata utaratibu wa namna hiyo. Usibandue tangazo kwa kuona haya. Tangazo likifichwa, watu watasema ombi lako lilipita gizani.

Tano, kamati itakutana. Nenda mwenyewe siku hiyo. Ukiulizwa maswali, jibu kwa upole na kwa ukweli.

Sita, kamati itaamua. Inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Ikikataa, uliza sababu. Sheria inampa aliyekataliwa nafasi ya kukata rufaa. Usikae hadi muda wa rufaa upite.

Jirani naye ana haki

Labda wewe huna mkahawa. Unaishi nyuma yake. Unaogopa kelele za usiku. Au mtoto wako hupita hapo akienda shule. Je, ukae kimya na kunung'unika nyumbani? La. Sheria imekupa nafasi ya kupinga ombi.

Pingamizi hutolewa kwa maandishi. Sheria ya 2010 ilitaka pingamizi lifike kwa kamati, na mwombaji naye apewe habari, siku 7 au zaidi kabla ya kikao. Hii ni haki kwa pande zote mbili. Wewe unasikilizwa, na mwombaji anapata nafasi ya kujitetea.

Barua yako inaweza kuwa fupi kama hii:

*Kwa Kamati ya Leseni za Vileo,*
*Kaunti Ndogo ya ………*

*YAH: PINGAMIZI JUU YA OMBI LA LESENI*

*Mimi ni mkazi wa kijiji cha ……… Nimesoma tangazo kwamba mkahawa wa ……… umeomba leseni ya kuuza kileo. Napinga ombi hilo kwa sababu mkahawa huo uko karibu sana na shule ya msingi ya ……… Naomba kamati ipime umbali huo kabla ya kuamua. Nitahudhuria kikao.*

*Jina, sahihi na tarehe.*

Andika mambo unayoyajua. Usiandike matusi, wala uvumi. Ukisema kuna kelele, taja siku na saa ulizozisikia. Usipinge kwa sababu ya ugomvi wa shamba au wivu wa biashara. Kamati hutaka sababu inayohusu mahali, watu na sheria. Weka nakala ya barua yako.

Baada ya kupata leseni

Leseni ni ya mtu na mahali palipotajwa. Huwezi kuichukua ukaenda nayo soko lingine. Ukiwa na mikahawa miwili, unahitaji leseni mbili. Nayo hudumu mwaka mmoja tu. Baada ya hapo huna budi kuomba tena, na malalamiko ya mwaka mzima yanaweza kusikilizwa.

Mwenye leseni ana wajibu huu:

1. Aitundike leseni mahali inapoonekana.

2. Asimwuzie kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Akiwa na shaka, aombe kitambulisho. Mtoto anayetumwa na baba yake kununua bia, naye asiuziwe.

3. Asiajiri mtoto kuuza kileo.

4. Asimwuzie mtu aliyekwisha kulewa, wala asiruhusu fujo.

5. Afuate saa zilizoandikwa katika leseni. Kwa baa za kawaida, sheria ya 2010 iliweka saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi, Jumapili na sikukuu ilikuwa saa 8 mchana hadi saa 5 usiku. Mwenye mkahawa asifuate saa za baa ya jirani. Asome leseni yake mwenyewe.

Anayevunja masharti haya anaweza kupata hasara ya faini, kifungo, au kunyang'anywa leseni.

Kwa nini masharti haya yote?

Watu wengine husema, "Serikali inatusumbua. Kuuza ni kuuza." Lakini kileo si kama sukari au chumvi. Ukiuza chumvi karibu na shule, hakuna mtoto atakayeharibika. Kileo humfanya mtu apoteze fahamu zake, nacho humdhuru zaidi mtoto anayekua. Mshahara huweza kuishia mezani, na nyumbani watoto wakalala njaa.

Hata hivyo, sheria haikusema mkahawa usiuze kileo kamwe. Imesema auze mtu anayejulikana, mahali panapofaa, kwa saa zinazojulikana, na majirani wakiwa wameulizwa. Leseni ni kama mapatano kati ya mwenye mkahawa na watu wanaomzunguka. Yeye anapata riziki, nao wanapata amani.

Mapatano hayo huanza na ile karatasi ukutani. Siku 21 si nyingi. Ukiiona, simama uisome. Msomee na jirani ambaye bado hajajua kusoma.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya risiti na leseni?

2. Pimeni kwa hatua kutoka shule iliyo karibu hadi mahali panapouzwa kileo. Mmepata hatua ngapi? Ni kama mita ngapi?

3. Kama wewe ungekuwa katika kamati, na soko lenu lina baa tatu, ungekubali mkahawa mmoja zaidi uuze kileo? Toa sababu.

4. Andika barua fupi ya kupinga au kuunga mkono ombi la leseni. Msomee mwenzako. Je, sababu zako ni za kweli?