Wakati mtoto anakosa neno: vitabu vya picha katika nyumba za wachimbaji

Saa kumi na mbili asubuhi. Basi ya kazi inashusha watu wa posti ya usiku. Papa anaingia nyumbani, vumbi ku viatu, macho mekundu. Anatafuta maji ya kuoga, bukari kidogo na kitanda, basi. Mtoto wake wa miaka mine anamkimbilia na kumshika mguu. Papa anasema: « Acha kwanza nilale. » Mtoto anarudi kukaa kando ya mbabula. Hazipiti dakika tano, amemwaga maji ya mama na amempiga mdogo wake. Mama anapaza sauti: « Huyu mutoto iko na kitu gani leo? »

Ba mama na ba papa wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi, wa Lubumbashi, hii asubuhi munaijua. Mtoto ana kitu kweli. Ana huzuni, pengine ana kasirani, pengine ana vyote viwili pamoja. Kile ambacho hana ni neno la kukisema. Mtu mzima akiwa na uchungu anaenda kwa rafiki yake, anakaa, anaeleza. Mtoto wa miaka mitatu, mine au mitano anasema kwa mikono, kwa meno, kwa tumbo linalouma bila ugonjwa, kwa kitanda kinacholowa usiku wakati alikuwa amekwisha kuacha. Sisi tunaona tabia mbaya, tunachukua fimbo.

Kuko vitabu vilivyotengenezwa juu ya shida hii. Ni vitabu vya picha, vyenye maneno machache, ambavyo mkubwa anasoma na mtoto anatazama. Wengi kati yetu tunafikiri ni vitu vya watoto wa matajiri. Mimi pia nilifikiri vile, mpaka siku kimoja kilipoingia nyumbani kwangu.

Vitabu vya namna gani?

Kinachojulikana sana leo katika shule za maternelle zinazofundisha kwa Kifaransa kinaitwa La couleur des émotions. Kilitungwa na Anna Llenas, mwanamke wa Hispania, kikatoka kwa Kihispania mwaka 2012, kisha kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Habari yake ni fupi. Kuko mnyama mmoja wa ajabu ambaye ameamka vibaya. Hajui ana nini, sababu ndani yake mambo yote yamechanganyika. Msichana mmoja anamsaidia kuyapanga, kila jambo katika chupa yake: furaha ni manjano, huzuni ni buluu, kasirani ni nyekundu, woga ni nyeusi, utulivu ni kijani. Ni kama mama anayechambua muchele na kuweka mawe kando. Mtoto ambaye hawezi kusema « niko na huzuni » anaweza kuweka kidole juu ya buluu.

Kingine ni Grosse colère cha Mireille d'Allancé, cha mwaka 2000. Mtoto mmoja, jina lake Robert, siku yake imekwenda vibaya. Papa yake anamtuma katika chumba chake. Kule kasirani inapanda, inapanda, mpaka inatoka kinywani: kitu kikubwa chekundu chenye mikono minene. Kinapindua vitu vya chumba. Mara ya kwanza Robert anakiacha kifanye. Lakini kinapofikia vitu anavyovipenda, anakikataza. Anaanza kurudisha kila kitu mahali pake, na kile kitu kinakuwa kidogo, kidogo, mpaka anakifungia katika kisanduku. Mtoto anayesikiliza anaelewa mambo mawili: kasirani ilitoka ndani yangu, lakini kasirani si mimi.

Cha zamani kuliko hivyo ni kile cha Mmarekani Maurice Sendak, cha mwaka 1963, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Max et les Maximonstres. Max amefanya fujo, mama yake amemlaza bila chakula. Katika mawazo yake anasafiri mpaka inchi ya wanyama wakali, anakuwa mfalme wao, anacheza nao, kisha anatamani nyumbani. Anaporudi, anakuta chakula chake kinamngoja, na kingali cha moto. Pale mtoto anajifunza kwamba mama anaweza kukasirika na kuendelea kupenda.

Na sisi wa Congo tuko na Dominique Mwankumi, mwandishi na mchoraji wa kwetu. Katika Les petits acrobates du fleuve anaonyesha watoto wa mtoni na mitumbwi yao. Katika Prince de la rue anaonyesha watoto wa barabarani wa Kinshasa. Hivyo havikuandikwa juu ya kufundisha majina ya moyo. Lakini mtoto wetu anaona ndani yake sura inayofanana na yake, na mtoto anayejiona katika picha anaanza kuongea upesi.

Kilichotufikia sisi

Nitaeleza kitu cha nyumbani kwangu. Mdogo wangu alikuwa creuseur. Siku moja udongo ulimfunika. Hatukuwa wa kwanza. Kila mtu hapa anakumbuka Juni 2019, wakati karibu na Kolwezi udongo uliua wachimbaji zaidi ya 40 kwa siku moja. Lakini kilio kinapokuwa cha nyumba yako, hesabu haisaidii kitu.

Aliacha bibi na mtoto mwanaume wa miaka mitano. Siku za kilio wakubwa tulikubaliana kumwambia mtoto: « Papa alienda safari. » Tuliona ni kumhurumia.

Baada ya pale kila mangaribi, saa ambayo papa yake alikuwa anarudia, mtoto alikaa ku mulango na kutazama njia. Hakulia. Usiku alikojoa kitandani. Ku masomo aliuma mwenzake ku mkono mpaka damu. Mimi, papa mukubwa wake, nilimpiga. Naandika hii na haya, lakini nilimpiga.

Mwalimu wake wa maternelle alituita. Hakutugombeza. Alitupa kile kitabu cha rangi kwa siku tatu, akasema: « Mukisome naye pole pole. Musimuulize-ulize. Mumungoje. »

Siku ya kwanza mtoto alitazama tu. Siku ya pili alicheka mbele ya ukurasa wa manjano. Siku ya tatu, tulipofika ku nyeusi, aliweka kidole pale na hakukitosha. Nikamwambia: « Huyu iko na bwoga. Anaogopa nini, unawaza? » Alikaa kimya muda murefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana: « Papa alienda juu mi nilikataa kumupa mukono asubui. Alinikasirikia. »

Miezi miwili mtoto alibeba mzigo ule peke yake. Alikuwa anangoja ku mulango juu ya kuomba samahani.

Sema neno lenyewe

Watu wanaofanya kazi na watoto waliofiwa wanajua mambo mawili ambayo sisi hatukujua. La kwanza: mtoto mdogo, mpaka karibu miaka sita, mara nyingi haelewi kwamba kifo hakina kurudi. La pili: anaweza kuamini kwamba kilichotokea kimetokea sababu ya yeye, sababu alikasirika, sababu alikataa, sababu alisema neno baya. Tukimwambia « papa amesafiri », atangoja. Tukimwambia « papa amelala », ataogopa kulala, au ataogopa kila mara mama anapofunga macho. Uongo wa huruma unamwacha mtoto peke yake na mawazo yake.

Basi jioni ile, mama yake alimpakata na akamwambia ukweli kwa maneno mafupi: papa alikufa, mwili wake haufanye kazi tena, hatarudia, hakukukasirikia, haikuwa makosa yako. Mtoto alilia, kwa mara ya kwanza, mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake aliuliza tena kama papa atarudia. Tulimwambia tena. Aliuliza siku nyingi. Ndiyo namna watoto wanavyoelewa, kidogo kidogo, na mkubwa asichoke kujibu.

Kitabu hakikumfufua mtu. Hata kitanda hakikukauka siku ile ile. Lakini kilitoa mahali pa kuweka kidole.

Namna ya kusoma

Wazazi wengi wanasema: « Mi sikusoma sana, Kifaransa kinanishinda. » Haizuie kitu. Picha hazina Kifaransa. Fungua ukurasa, eleza kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa Sanga, kwa lugha ambayo mtoto analilia. Neno la moyo linaingia vizuri kwa lugha ya mama.

Chagua saa ya utulivu. Mtoto akiwa katikati ya kasirani, kitabu hakina kazi, mungoje ishuke. Dakika kumi zinatosha. Papa wa posti ya usiku anaweza kufanya vile mangaribi kabla ya kutoka, na mtoto atabakia na kitu cha papa usiku ule.

Usigeuze kitabu kuwa mtihani. « Hii ni rangi gani? Na hii? » inamfunga kinywa. Uliza juu ya yule wa ndani ya kitabu: « Huyu anasikia nini? Juu ya nini? » Mtoto atasema juu ya yule, na wewe utasikia anasema juu yake mwenyewe.

Anapotoa neno, usilisahihishe. Akisema « niko na bwoga ya usiku », usijibu « mwanaume haogope ». Hapa kwetu tunalea wavulana kama watashuka katika shimo kesho asubuhi. Lakini kila mchimbaji wa kweli anajua kwamba yule asiyeogopa udongo ndiye anayeuawa nao. Woga unaosemwa unasaidia kujilinda. Mjibu: « Nimekusikia. Hata mi ninaogopa mara moja moja. » Na umwonyeshe unavyofanya ukiogopa.

Na kumbuka hivi: hisia zote zinakubaliwa, matendo yote hapana. « Una haki ya kukasirika. Kuuma mwenzako, hapana. »

Kama hakuna kitabu

Vitabu hivi vinatoka mbali na bei yake ni kali kwa nyumba inayongoja mshahara au mauzo ya mufuko wa mawe. Kwanza, ulizeni mwalimu wa maternelle kama shule inaweza kuazima. Kwa wale wa Lubumbashi, inafaa kuuliza ku mediateki ya Institut français, pale Halle de l'Étoile. Wenye simu yenye intaneti wanaweza kufungua African Storybook, kazi iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014: hadithi za picha za watoto, nyingi kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, za kusoma bila malipo.

Tena kitabu kinaweza kutengenezwa nyumbani. Chukua daftari la zamani lenye kurasa nyeupe, au kata karatoni ya sabuni vipande sita, toboa pembeni, funga na kamba. Rangi tunazo: makala ni nyeusi, udongo wa kwetu ni mwekundu, majani yaliyopondwa ni kijani. (Mawe ya mine, hapana. Musimpe mtoto achezee nayo, vumbi lake lina sumu.) Ukurasa wa kwanza: papa anaenda kazi. Wa pili: nyumba usiku. Wa tatu: sauti inayotisha. Wa ine: kasirani. Wa tano: papa anarudia. Wa sita: wote wanakula. Mtoto achore mwenyewe, hata kama papa ana kichwa kikubwa kuliko nyumba. Wewe andika chini yale anayosema, neno kwa neno. Kitabu kile kitasomwa mara mia.

Wakati kitabu hakitoshi

Kitabu si muganga. Mtoto akikaa wiki nyingi bila kucheza, akikataa kula, akiacha kuongea, akiamka kila usiku na kelele, au akijiumiza mwenyewe, mumpeleke ku kituo cha afya na mueleze yote, hata yale ya nyumbani. Pasiwe na haya. Mguu uliovunjika tunaupeleka, moyo pia.

Yule mtoto wetu sasa anajua kusoma. Mwaka jana nilimnunulia daftari jipya. Ukurasa wa kwanza alichora mwanaume mwenye kofia ya kazi, mkono umenyoshwa. Mbele yake mtoto, mkono wake pia umenyoshwa. Mikono inashikana. Nilimuuliza rangi gani atatia. Aliwaza kidogo, kisha akachukua mbili, buluu na manjano, akaanza.