Dhahabu Inapoinasa Zebaki

Katika machimbo madogo ya Geita na Shinyanga, zebaki humiminwa karaini juu ya mchanga uliosagwa. Huishika dhahabu, lakini nyingine husalia katika marudio, na mvua huichukua hadi vijitoni. Shirika la Afya Duniani huruhusu mikrogramu 6 tu za zebaki isokaboni katika lita 1 ya maji ya kunywa. Jicho haliwezi kukiona kiasi hicho. Tena maji yaliyopimwa asubuhi siyo yapitayo jioni.

Ili kuyapima mfululizo, wanasayansi wamebuni kipande cha plastiki kilichochapwa kwa wino wa kaboni na dhahabu, jamaa wa kile kipimacho sukari ya damu. Maji, yaliyokwisha kutiwa asidi, hupitishwa juu yake pamoja na umeme hafifu. Ayoni za zebaki hugeuka metali na kuigandia dhahabu: undugu uleule wa karaini! Kisha volteji hupandishwa, zebaki huyeyuka tena, na nguvu ya mkondo wa umeme huonyesha wingi wake. Zoezi hurudiwa kila baada ya dakika chache.

Hata hivyo dhahabu haiiachilii zebaki yote. Uso wake huchakaa, vipimo hupotoka, na kipande hapana budi kibadilishwe. Nacho kisitupwe ovyo, kwani kimekwisha kubeba zebaki.