Maumivu ya vidole si dalili ya bidii

Je, msomaji, mwanao anajifunza kupiga piano? Kama ndivyo, bila shaka umezoea kumhimiza azidishe mazoezi, hasa mtihani wa gredi unapokaribia. Himizo hilo ni jema. Lakini wewe hufanya nini anapokuambia kwamba vidole vinamuuma?

Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, humwambia mtoto avumilie. Hudhani kwamba maumivu ni sehemu ya kujifunza. Dhana hiyo ni ya hatari, na maisha ya mpiga piano mashuhuri wa Marekani, Leon Fleisher, yanatufunza mengi kuhusu jambo hili.

KIPAJI CHA UTOTONI

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka wa 1928 na kuanza piano akiwa na umri wa miaka 4. Artur Schnabel, mwalimu aliyesifika kote Ulaya, hakuwa na desturi ya kuwafunza watoto, lakini alipomsikia mvulana huyo alimkubali akiwa na miaka 9 tu. Mnamo 1944, akiwa na miaka 16, Fleisher alipiga pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Mwaka wa 1952 alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, Ubelgiji.

Kisha, mnamo 1964, kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe alipokuwa akipiga. Badala ya kupumzika, alizidisha mazoezi. Hali ikawa mbaya zaidi, na akiwa na miaka 36 tu akalazimika kuacha kupiga kwa mikono miwili. Kwa miaka mingi alifundisha, akaongoza okestra, na kupiga tungo zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto pekee.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huo huitwa distonia. Chanzo chake si msuli uliochoka bali ni ubongo. Sehemu za ubongo zinazoongoza kila kidole huingiliana, hata unapotaka kusogeza kidole kimoja, kingine hujikunja. Aghalabu hauna maumivu, na ndiyo sababu wengi hudhani ni uzembe. Wataalamu hukadiria kwamba humpata takriban mwanamuziki 1 kati ya 100. Mazoezi ya kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa nao, ingawa urithi pia huchangia.

Katika miaka ya 1990 Fleisher alipata nafuu kwa kukandwa misuli na kwa sindano za sumu ya botulinamu, ambayo kwa kipimo kidogo hulegeza msuli uliokaza. Sindano hizo haziponyi. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache na sharti zirudiwe. Hata hivyo, mnamo 2004 alitoa tena albamu ya mikono miwili. Alifariki mwaka wa 2020 akiwa na miaka 92.

Distonia ni nadra kwa watoto. Kinachowapata zaidi ni kuchoka kwa misuli na kuvimba kwa kano za mkono, na haya huzuilika.

UFANYEJE?

Kwanza, mpe mwanao mapumziko ya dakika 5 baada ya kila dakika 25 hivi za mazoezi. Vipindi vifupi kila siku vinafaa kuliko saa nne za Jumamosi.

Pili, usiongeze muda wa mazoezi kwa ghafla wiki moja kabla ya mtihani. Mikono huhitaji kuzoeshwa polepole.

Tatu, angalia jinsi anavyoketi. Viwiko viwe karibu usawa na vibonyezo vya piano, mabega yalegee, na kiganja kisipinde. Kiti kikiwa kifupi, weka mto mgumu. Miguu isipofika sakafuni, mtafutie kibao cha kuikanyagia.

Nne, maumivu yakianza, aache kupiga siku hiyo. Anaweza kusoma nota bila kugusa piano, au kusikiliza muziki anaojifunza.

Mpeleke kwa daktari iwapo maumivu yatadumu zaidi ya wiki moja, vidole vikifa ganzi, mkono ukivimba au ukikosa nguvu. Vilevile, kidole kikianza kujikunja chenyewe wakati wa kupiga tu, usimwadhibu wala kumwongezea mazoezi. Mweleze daktari kwamba mtoto hupiga piano na kwa saa ngapi kwa siku. Bila habari hiyo huenda asitambue kiini cha tatizo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto anayepumzika wiki mbili leo atakosa mtihani mmoja tu, na mitihani hurudi kila mwaka. Mkono ukiharibika, huenda usirudi ulivyokuwa.