Safarini Milimani: Tule Wapi?

Familia nyingi hupanda Lushoto kwa arusi, misiba au kuwaona ndugu. Mji uko juu, mita 1,400 hivi, na baada ya kona nyingi kutoka Mombo watoto hufika na njaa. Tule wapi?

Usichague hoteli kwa rangi ya kuta. Chungulia jikoni. Chakula kikitoka motoni, maji na sabuni ya kunawa vikiwepo, kaeni mle. Kwa mama ntilie mwenye moto unaowaka ni salama kuliko penye wali uliopoa tangu asubuhi. Baridi ya milimani isikudanganye: haiui vijidudu.

Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu, yachemsheni. Pea na plamu zioshwe kwa maji safi.

Mtoto akiharisha na pakiti ya dawa ya maji haipo, changanya maji yaliyochemshwa na kupoa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko. Mnyweshe kidogo kidogo. Anyonyaye aendelee kunyonya. Akilegea au akiharisha damu, mpelekeni hospitali mara moja.