Kiingereza cha Katibu: Ile 'd Ndogo Inayoleta Maneno



Safari hii tunazungumza hasa na makatibu na waweka hazina, lakini mwanachama wa kawaida asiruke ukurasa huu, kwa sababu pesa ni za wote. Vikundi vingi vya Migori na Homa Bay hufanya mikutano kwa Kidholuo, Kikuria au Kiswahili, halafu ripoti ya mfadhili inaandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, basi asiwepo wa kuona haya kuandikia ofisi ya serikali kwa Kiswahili. Hata hivyo barua nyingi zinazotujia ni za Kiingereza, na tusipozielewa sawasawa tutazijibu ovyo.

Tuchukue mfano. Mfadhili anawaandikia: "You said you'd put the money in the bank." Katibu anasoma mbele ya kamati. Nusu ya kamati inaelewa hivi: mlisema mtaweka pesa benki. Nusu nyingine inaelewa: mlisema mmekwisha ziweka. Ya kwanza ni ahadi, ya pili ni habari ya jambo lililokwisha kufanyika. Sasa kamati ikijibu "Yes" peke yake, na pesa bado zimo ndani ya sanduku la mweka hazina, siku mgeni atakapofika na kuomba karatasi ya benki kutakuwa na aibu. Kikundi kitaonekana kimedanganya, kumbe walikuwa wanasoma tu herufi moja kwa njia mbili.

Shida iko wapi? Iko kwenye hiyo 'd. Ile alama ya juu, ambayo shuleni tunaiita ritifaa, inaonyesha kwamba neno limekatwa. Waingereza hukata "had" ikawa 'd, na hukata "would" pia ikawa 'd hiyo hiyo. Ni kama watu wawili wa boma moja wanaovaa kofia moja. Ili kumjua aliyeivaa, tazama kitenzi kinachofuata. Katika "we'd paid", kitenzi kimegeuka, kwa hiyo ni "had": tulikuwa tumelipa. Katika "we'd pay", kitenzi hakikugeuka, kwa hiyo ni "would": tungelipa. Hapo hakuna ugumu.

Ugumu unakuja kwa vile vitenzi vikaidi visivyobadilika baada ya "had": "put", "cut", "cost", "come", "run". Bahati mbaya hivyo ndivyo tunavyotumia sana kwenye miradi! Mbao zimegharimu, miwa imekatwa, wageni wamekuja. "They'd come" yaweza kuwa walikuwa wamekuja, au wangekuja.

Hapa ndipo vielezi vinapotusaidia. Weka "already" katikati: "We'd already put the money in the bank." Mambo yamekwisha, hakuna anayeweza kuisoma kama ahadi. "Just" mara nyingi inafanya kazi hiyo hiyo: "They'd just come", ndiyo kwanza walikuwa wamefika. Lakini "gladly" inavuta upande wa pili: "We'd gladly come", tungekuja kwa furaha. Na "always" haina msaada mkubwa. "We'd always put aside something" yaweza kuwa tulikuwa tumeweka akiba siku zote, au ilikuwa desturi yetu kuweka. Hiyo msiitegemee.

Mahali pa kuweka kielezi ni muhimu. Maneno mafupi kama "already", "just", "never" na "only" hukaa kati ya 'd na kitenzi: "We'd never received the seeds", hatukuwa tumewahi kupokea mbegu. Ila "yet" hutembea na kukanusha: "We hadn't yet received the seeds", au likae mwisho kabisa: "We hadn't received the seeds yet." Na maneno yanayotaja siku huenda pembeni: "We'd paid the day before." Ukiandika "We'd the day before paid", msomaji atakuelewa lakini atakuna kichwa.

Kwa wenye Kidholuo jambo hili si geni hata kidogo. Tukisema "ne wasechulo", ile "ne" inaturudisha nyuma, na "se" inaonyesha kwamba kazi ilikwisha. Kiswahili nacho kinasema tulikuwa tumeshalipa, na "sha" inabeba mzigo wa "already". Kwa hiyo katibu akikwama, aseme kwanza sentensi kwa lugha ya nyumbani. Akisikia "se" au "sha" ndani yake, pamoja na dalili ya zamani, ajue anahitaji "had".

Lakini kwa nini tusiseme "we cut" tu, tumalize? Waulizeni wakulima wa miwa wa upande wa Awendo. Muwa ukishakatwa na kulala shambani unakauka: uzito unapungua na sukari pia inapungua. Sasa lori limechelewa, kikundi kinaandika malalamiko. Mkiandika "When the lorry came, we cut the cane", maana yake lori lilifika ndipo mkaanza kukata, kwa hiyo hamna la kudai. Mkiandika "When the lorry came, we'd already cut the cane", maana yake miwa ilikuwa chini inangoja. Tena ongezeni "three days before", ili hesabu ya siku iwe wazi. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni pesa ya mkulima.

Kuna tabia nyingine tunayoiona sana kwenye ripoti. Mtu anaandika "We had visited Homa Bay last week" na kukomea hapo. "Had" inataka jambo jingine la zamani la kusimama mbele yake. Kama ni safari tu ya juma lililopita, andika "We visited". "Had" ije pale mambo mawili yanapofuatana na unataka ijulikane lipi lilitangulia.

Jihadharini pia na "You'd better pay before Friday." Hiyo 'd ni "had" kweli, lakini haisimulii ya zamani. Maana yake ni afadhali mlipe kabla ya Ijumaa, na mara nyingi ina ukali ndani yake. Msiichukue kama ushauri wa kirafiki.

Maoni yetu sisi ni haya: kwenye kumbukumbu za mkutano na barua za pesa, katibu asikate neno. Aandike "had" au "would" kwa ukamilifu. Wino ni ule ule. Hiyo 'd iacheni kwa barua za marafiki na ujumbe wa simu, ila mjue kuisoma, na mjue kuisikia pia, maana mdomoni inamezwa karibu yote. Mtu akisema haraka "we'd decided", sikio linapata "we decided".

Kwa mkutano ujao, katibu aandike sentensi hizi ubaoni, wanachama waseme kila 'd ni "had" au "would":

"We'd just planted when the rain stopped."
"The posts were said to cost little, but they'd cost us all our savings by June."
"She told us she'd come on Tuesday."

Ya kwanza ni "had". Ya pili pia ni "had", kwa sababu ya "by June". Ya tatu haiwezi kujulikana, kwa hiyo mwandikieni huyo mama mumwulize alikuja au atakuja.