Fahamu: Kipele sehemu za siri, umwonyeshe nani?
Tangu Wizara ya Afya itangaze mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, Julai 31, 2024, huko Taveta, kipele chochote sehemu za siri kinatia watu kiwewe. Mtu wa Rangwe, Homa Bay, hukimbilia duka la dawa sokoni, akanunua krimu kwa kunong'ona. Kama ni fangasi, krimu yenye steroidi hutuliza mwasho huku fangasi ikizidi kusambaa.

Si kila kipele ni ugonjwa. Vile vidogo vya rangi ya ngozi, vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume, ni maumbile tu. Chunjua za virusi vya HPV huota mithili ya koliflawa. Malengelenge yanayochoma huenda ni hepesi. Mimi ningeogopa zaidi kidonda kimoja kisichouma: huenda ni kaswende, na kidonda hicho hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini.

Kwa macho tu hata daktari hukosea. Ukifika hospitali ya Rangwe, tarajia maswali ya faragha (jibu kweli, wameshasikia mengi), kuchunguzwa na kupimwa damu, HIV ikiwemo. Usitumbue kipele kabla ya kwenda. Ukikutwa na maambukizi, mwenzako naye apimwe.