Je, Wajua? Asali Nayo Ni Sukari

Je, wajua kwamba ukitia asali badala ya sukari kwenye juisi nzito ya matunda bado umeongeza sukari? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unaihesabu asali, pamoja na maji ya matunda yaliyokamuliwa, kuwa sukari huru, na unashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Chini ya asilimia 5, takriban gramu 25, ni bora zaidi. Basi kinga ni kuchagua tunda vizuri na kuliweka chujio kando.

Mkazi wa Kanama, wilayani Rubavu, anaweza kupinga: matunda damu, yaani ibinyomoro, ni machachu na machungu, hayanyweki bila sukari. Hoja ina uzito, lakini uchungu mwingi umo kwenye ganda. Yachovye katika maji ya moto, yamenye, kisha yasage na ndizi mbivu na kipande cha parachichi: ndizi huleta utamu, parachichi ulaini, na nyuzinyuzi hubaki. Anayesema ndizi nayo ina sukari amesema kweli. Ndiyo maana nusu yatosha, na glasi iwe ndogo, kwani tunda la kutafuna hushibisha kuliko la kunywa.